Mashanza na Zebaki: Kikombe Kinafika Wapi?



Mashanza, maziwa yetu yaliyochachushwa, hayawezi kumlinda mtu anayechoma zahabu jikoni mwake. Naanza na hilo kwa sababu nisingependa mama yeyote aamini kwamba kikombe kimoja asubuhi kinatosha.

Mchimbaji huchanganya unga wa mawe na zebaki, nayo hushikamana na zahabu. Donge likichomwa, zebaki hupanda kuwa mvuke. Takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini, ukipita mapafuni moja kwa moja hadi kwenye damu. Bakteria wa maziwa wanaishi matumboni, huko hawafiki.

Lakini zebaki ina njia ya pili. Ikianguka mtoni, vijidudu vya matopeni huigeuza kuwa sumu kali zaidi, samaki huila, nasi tunamla samaki. Hapo ndipo bakteria wa uchachu wana kazi. Ngozi ya nje ya bakteria hao, laktobasili, ina chaji hasi, madini mengi mazito yana chaji chanya. Madini hayo hunaswa, kisha hutoka na choo kabla ya kuingia kwenye damu.

Ushahidi wa karibu nasi wa Beni na Butembo ni wa Mwanza, Tanzania, kando ya Ziwa Victoria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulihusisha wanawake 60 wenye mimba na watoto wa shule 44. Waliopewa mtindi wenye bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus GR-1 walilinganishwa na wasiopewa. Kwa wenye mimba waliokunywa mtindi huo, zebaki na aseniki hazikuongezeka kwenye damu kama kwa wenzao. Kwa watoto, waliokunywa kwa siku 25 hivi, tofauti haikuwa ya kutegemewa. Utafiti ulikuwa mdogo, na kila mtu alijua anachokunywa. Hata hivyo nauthamini sana: mimba ndiyo wakati ambapo ubongo wa mtoto unajengwa, na zebaki huvuka kondo la nyuma.

Bakteria yule alichaguliwa maabarani. Mashanza yetu yana ndugu zake, si lazima yeye mwenyewe. Kasiksi, kinywaji chetu cha ndizi, nayo huchacha, lakini ina pombe. Mwenye mimba asipewe kwa kisingizio cha bakteria.

Sasa chombo, jambo ninaloliona likisahaulika. Uchachu ni asidi, na asidi huyeyusha madini. Maziwa yakilala usiku kucha kwenye sufuria iliyosubiwa kwa mabaki ya vyuma, au kwenye mtungi uliopakwa rangi yenye risasi, tunamnywesha mtoto kile kile tulichotaka kumwondolea. Chemsheni maziwa kwanza, yapoe, ndipo mtie chachu, na yagande ndani ya kibuyu safi au ndoo ya plastiki ya chakula. Donge la zahabu lichomwe mbali na nyumba, mbali na mwenye mimba, na kwa chombo kinachonasa mvuke.