Nani Aliwachagua?



Ninyi wabunge vijana mnaoapishwa leo katika shule hii ya Kansanga, mliniomba nizungumzie Bunge la Uganda la enzi ya ukoloni, yaani Baraza la Kutunga Sheria. Baraza hilo lilianza vikao Entebbe mwaka 1921, chini ya Gavana, bila Mwafrika hata mmoja. Watatu wa kwanza waliingia mwaka 1945: Kawalya-Kagwa wa Buganda, Nyangabyaki wa Bunyoro na Zirabamuzaale wa Busoga. Nao waliteuliwa. Wananchi walisubiri hadi Oktoba 1958 ndipo wapige kura ya moja kwa moja, na Buganda ikaikataa.

Lakini tukae kidogo kwenye mwaka 1961, maana hapa tulipo ni Buganda. Machi mwaka ule Mengo, makao ya serikali ya Kabaka, mfalme wa Buganda, iliwataka watu wake wasusie uchaguzi. Ilihofia hatima ya ufalme katika Uganda huru, na hofu hiyo ilikuwa na sababu: mwaka 1953 Gavana Cohen alimpeleka Kabaka Mutesa wa Pili uhamishoni Uingereza. Wengi wakatii. Wachache waliojitokeza wakakipa chama cha DP viti 20 kati ya 21 vya Buganda. Kiongozi wake, Benedicto Kiwanuka, akaunda serikali, ingawa chama cha UPC kilipata kura nyingi zaidi nchi nzima. Tarehe 1 Machi 1962 tukapata serikali ya ndani, naye akawa Waziri Mkuu wa kwanza.

Hakudumu hata miezi miwili. Uchaguzi mwingine ukafuata; safari hii Lukiiko, baraza la Buganda, iliruhusiwa kuteua wajumbe wa Buganda, na viti vyote 21 vikaenda kwa chama cha Kabaka Yekka, mshirika wa UPC iliyoongozwa na Obote. Kiwanuka akabaki nje ya Bunge.

Kila tarehe 9 Oktoba tunaimba uhuru, na ni haki yetu. Ila watu wengi wa Buganda waliufikia uhuru huo bila kumchagua wenyewe mjumbe wao wa taifa: kwanza walisusa, kisha Lukiiko ikawachagulia. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Wabunge, kanuni zenu nimezisoma. Kipo kifungu kinachoiruhusu kamati kuwateua wawakilishi wa kidato cha kwanza. Nawaomba, kabla hamjaapa, mkifute. Watoto hao wapeni karatasi za kura, wamchague wanayemtaka.