Pedali ya mafuta inaponasa mteremkoni

Kwenye mteremko wa Mushaki kuelekea Sake, mashariki mwa Kongo, shofere hutegemea gia ndogo ishikilie gari. Pedali ya mafuta ikinasa, injini hiyohiyo inalisukuma bondeni na watu juu ya mizigo. Hapo akanyage breki kwa nguvu bila kuipampu, atoe gia, azime gari likishasimama. Aking'oa ufunguo mapema, usukani unajifunga.

Mwaka 2010 Toyota iliita magari zaidi ya milioni 2 nchini Marekani yarudishwe kurekebishwa kwa sababu ya pedali zinazonata. Magari yetu huja yameshatumika, na matangazo ya namna hiyo hayawafikii wenyewe. Huku tunapambana na waya uliochakaa, springi iliyolegea, tope lililokaukia chini ya pedali. Wenye magari, hakikisheni pedali inarudi yenyewe kabla ya kupakia abiria.