Doti Moja ya Kanga na Tundu la Sentimita 2.5: Kuchagua Njia ya Kutuma Mzigo kwa Anayeuza Mtandaoni

Mada ya semina ya wafanyabiashara wadogo, London Mashariki



Mkononi nina doti moja ya kanga, bahasha ya nailoni, na kipande cha boksi nilichokitoboa tundu refu la sentimita 25 kwa 2.5. Tundu hili limenifundisha biashara kuliko mtu yeyote. Karani wa posta anacho kipimo kama hiki cha plastiki pale kaunta. Ukimpa bahasha anaisukuma kwenye tundu. Ikipita bila kulazimishwa, na uzito hauzidi gramu 750, unalipa bei ya barua kubwa. Ikigoma, hata kwa unene wa ukucha, imeshakuwa kifurushi na bei inaruka.

Doti ukiikunja kama tunavyoikunja kabatini inatuna katikati kama andazi. Haipiti. Ikunje kwa ukubwa wa karatasi ya A4, ikandamize kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni mpaka hewa itoke, ndipo uitie kwenye bahasha. Inapita. Kanga ni ileile na uzito ni uleule, ila mkunjo umekuokolea pesa ambayo kwenye doti moja ndiyo karibu nusu ya faida. Tena bahasha nyembamba inaingia kwenye tundu la barua mlangoni kwa mteja. Wateja wetu wengi wanafanya kazi za zamu, mchana wamelala au hawapo. Mzigo usiohitaji mtu wa kufungua mlango hauachiwi jirani wala haurudishwi.

Nimeanza na mkunjo kwa sababu tukiitana kuzungumzia utumaji, watu hukimbilia kuuliza kampuni gani ni rahisi. Swali hilo linakuja mwisho. Njia ya kutuma unaichagua siku unayonunua bidhaa, kabla hujaipiga picha. Chukua kiondo. Kiondo kizuri hakifiki kilo moja, nawe unajiambia ni chepesi. Kitie kwenye boksi la sentimita 40 kwa 35 kwa 35. Kwa Royal Mail kifurushi kidogo ni mwisho sentimita 45 kwa 35 kwa 16, kwa hiyo boksi lako ni kifurushi cha kati hata kama uzito wake ni wa mkate. Ukitaka kukipeleka nje kwa kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege, nyingi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita halafu hugawa kwa 5,000: hapo kiondo chako kinasomeka kilo 9.8. Unalipia hewa. Mimi viondo vikubwa naviuza ana kwa ana kwenye maonyesho, na mtandaoni naweka vile laini vinavyokubali kulazwa chali.

Mzigo ukipotea, ni wa nani?

Dar es Salaam unapeleka boksi stendi ya Magufuli kule Mbezi, unaandika jina na namba ya simu kwa maka peni, unamkabidhi wakala wa basi, unapewa namba ya konda. Mpokeaji wa Mbeya anapiga simu mwenyewe, anaenda stendi mwenyewe. Mzigo ukishapanda basi, moyoni mwako umeshakuwa wake. Mazoea hayo tumekuja nayo. Ndiyo maana utamsikia mwenzetu akimwambia mteja, "Mimi nilishaposti, waulize posta."

Hapa Uingereza jibu hilo halisimami. Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inasema kwamba mfanyabiashara akimuuzia mlaji, mzigo uko kwenye dhamana ya muuzaji mpaka mlaji, au mtu aliyemtaja, aushike mkononi. Kama hamkukubaliana siku, una siku 30 za kuufikisha. Hata mteja akichagua njia ya bei ndogo, maadamu wewe ndiye uliyemwekea njia hiyo kwenye orodha, ukipotea ni wako. Mambo hugeuka pale tu anapotafuta msafirishaji wake ambaye wewe hukumtaja. Anayeuza gauni lake la zamani kama mtu binafsi hahesabiwi hivyo, ingawa mitandao ya kuuzia ina kanuni zake za kumrudishia mnunuzi pesa. Lakini sisi tunaoagiza marobota kutoka Mombasa na Kariakoo ni wafanyabiashara, hata kama duka letu ni simu na kitanda cha chumbani.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, jiulize: bidhaa hii ikipotea, naweza kutoa nyingine bila kukopa? Doti ya kawaida naweza. Naituma kama barua kubwa, nachukua risiti ya kuthibitisha nimeposti. Risiti hiyo ni ya bure kaunta lakini lazima uiombe, na bila hiyo dai lako la fidia halina miguu. Kwa kitenge cha vipande sita, joho au mkoba wa ngozi nahamia Tracked 48 ya Royal Mail, kwa sababu hapo nataka alama ya kila hatua. Dhahabu ni habari nyingine. Huduma za kawaida hazilipi fidia ya vito wala pesa taslimu; hereni za dhahabu zinakwenda kwa Special Delivery, ambayo fidia yake ya kuanzia inafika pauni 750, na unaweza kulipa zaidi kuiongeza. Nimeona watu wakituma bangili kwa huduma yenye saini tu wakidhani saini ni bima.

Na usimwekee mteja njia moja ya ghali. Kanuni za mikataba ya walaji za mwaka 2013 zinampa anayenunua kwa mbali siku 14 tangu apokee za kubadili mawazo, nawe unamrudishia bei ya bidhaa pamoja na gharama ya kumtumia. Ila unarudisha gharama ya njia rahisi ya kawaida uliyomwekea, basi. Akichagua Special Delivery wakati ya kawaida ipo, tofauti ni yake. Kama uliweka Special Delivery peke yake, unairudisha yote.

Kuhusu kufuatilia, na kijembe cha Leeds

Naomba radhi, hapa nitajisema mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na doti mbili mezani. Moja ya Leeds, jina lake la dua na pongezi, binti alimnunulia mama mkwe. Nyingine ya Luton, kijembe kitupu; mteja aliichagua makusudi, nami sikuuliza anamlenga nani. Nilifunga bahasha zote mbili, zikafanana kama pacha, ndipo nikabandika lebo. Mnajua kilichotokea. Ufuatiliaji ulifanya kazi vizuri sana: ulinionyesha saa na dakika ambayo kijembe kilimfikia mama mkwe. Nililipa kuzirudisha na kuzituma upya, na nikapiga simu ya kuomba msamaha ambayo sitaisahau.

Mteja wa kanga hanunui rangi peke yake, ananunua jina. Siku hizi naandika maneno mawili ya jina la kanga kwa penseli pembeni mwa bahasha kabla ya kuifunga, na lebo inabandikwa palepale, moja moja. Anwani nayo naisoma kwa sauti. Wengi wetu tumekua na sanduku la posta, S.L.P. ya shule au ya kazini kwa baba, na mlango hauna namba. Hapa barua inatafuta mlango. Ukisahau namba ya fleti kwenye jengo la ghorofa kumi, postikodi itafikisha mzigo mpaka chini ya lifti.

Kuna pia wateja wanaoomba kulipa wakiuona mzigo. Nawaelewa, nyumbani ndivyo tunavyonunua. Hata Uingereza ilikuwa hivyo: mpaka mageuzi ya posta ya Rowland Hill, kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipia barua mlangoni, na wapo waliosoma alama iliyochorwa juu ya barua, wakapata habari, wakaikataa. Mei 1840 ikaja stempu ya peni moja, na mtumaji akalipa kwanza. Kutoka hapo umebaki utaratibu ambao muuzaji mdogo anapaswa kuushukuru: bei moja ya Royal Mail kwenda mlango wowote wa nchi, Barking au visiwa vya Shetland. Wasafirishaji wengine huongeza pesa kwa nyanda za juu za Scotland, visiwani na Ireland Kaskazini. Soma kabla hujaandika kwamba unatuma bure nchi nzima.

Muda nao umebadilika. Ofcom, mdhibiti wa huduma za posta, iliruhusu, kuanzia 28 Julai 2025, barua za daraja la pili ziletwe siku moja ndani ya kila mbili za wiki, bila Jumamosi. Barua zetu kubwa za daraja hilo zimo humo. Usimwahidi mtu kanga ya sikukuu kwa daraja la pili siku tatu kabla ya Idi. Mwambie alipe daraja la kwanza au ufuatiliaji, au aagize mapema.

Makampuni mengine, Evri na InPost na wenzao, sitayasema sana kwa kuwa bei zao hazikai. Kwa mzigo wa kilo nne au tano mara nyingi wanastahili kulinganishwa, na makabati ya InPost yanafaa kwa anayetoka zamu usiku. Soma tu orodha ya vitu wasivyolipia fidia: vyungu, vioo na vyakula huwa humo, na chetezo cha udongo ni chungu.

Marashi mengi ya chupa yana pombe, yanawaka. Ndani ya nchi Royal Mail wanayapokea kwa masharti: chupa zisizozidi nne, kila moja isizidi mililita 150, na lebo yake maalumu. Kwenda nje, hapana. Kila bidhaa inayokwenda nje inataka tamko la forodha: fomu ya CN22 hadi thamani ya pauni 270, juu ya hapo CN23. Andika "kanga za pamba, 2", usiandike "zawadi" ili kumpendeza mteja. Tangu Julai 2021 hata mzigo mdogo unaoingia Umoja wa Ulaya unatozwa kodi ya ongezeko la thamani, na Marekani imefuta msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800 tangu 29 Agosti 2025. Mteja wa Minneapolis umweleze hilo kabla hajalipa. Nyumbani kwenyewe mnajua tunavyotuma: kilo mbili kwenye sanduku la mtu anayesafiri. Huko hakuna risiti, kuna undugu, na bei yake haiandikwi.

Niliwaomba kila mmoja aje na bidhaa moja anayoiuza. Meza ya nyuma ina mizani ya jikoni, rula, bahasha za saizi tatu na vipande kumi vya boksi vilivyokatwa tundu. Tuanze na aliyekuja na mkeka, maana namwona tangu asubuhi anautazama mlango akijiuliza ameingiaje nao.