TUTAZAME PAA BAADA YA UPEPO
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama)



Wengi wetu hulitazama paa siku linapovuja. Lakini upepo huanza kuharibu kabla ya mvua. Huingia chini ya ukingo wa bati, hulinyanyua, na msumari hulegea. Bati likipigapiga usiku, hiyo ndiyo dalili.

Basi upepo ukitulia, tutazame tukiwa chini: msumari uliotoka, bati lililokunjika ukingoni, la kileleni lililosogea. Mchana tufunge milango na madirisha. Mwanga ukipenya paani, maji nayo yatapenya. Tusipande juu ya bati lililolowa, wala tusiguse waya wa stima uliokatika.

Kuweka jiwe juu ya bati si dawa, maana huweza kumwangukia mtoto. Msumari wa kofia upigwe mgongoni mwa bati, si mfereji wa maji, nao ushike mbao isiyooza.

Nyumba ikiwa ya mwajiri, tumwandikie siku ile ile, tuweke nakala, tumwarifu mwakilishi wa chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yataka nyumba anayotoa mwajiri iwe ya kufaa. Nyumba inayovuja haifai.