Kalvati Imara Huanzia Udongoni

Wakaazi wa Kisumu, kalvati za zege zinazoundwa kiwandani huokoa muda: zikifika, hulazwa na kuunganishwa. Lakini yapo masharti mawili. Kwanza, zege hupimwa nguvu likitimiza siku 28, na siku za mwanzo lazima limwagiliwe maji lisipasuke. Pili, udongo mweusi wa uwanda wa Kano huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Kalvati ikilazwa juu yake bila msingi wa mawe na kokoto, huachana kwenye maungio. Mto Nyando ukifurika, barabara hukatika, wagonjwa wasifike hospitalini. Mwanakandarasi akija kwenu, muulizeni: zimeundwa lini? Chini yake mmejaza nini?