TUSIKILIZE KABLA YA KUHUKUMU

(Mazungumzo na walimu na watumishi wa umma, Ilagala, Kigoma)



Nimeombwa nizungumze juu ya sinema na maisha ya wananchi. Nitaanzia kilabuni, nanyi mniwie radhi.

Mtumishi apitaye kilabuni saa nne asubuhi na kuwakuta wanaume wameketi na vikombe, neno la kwanza limjialo ni "uzembe". Nami nimepata kuliandika neno hilo. Kumbe mvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika hufanya kazi usiku wa giza, kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, hupumzika. Asubuhi yangu ni jioni yake. Kasumba ya usomi ilinifanya nihukumu kabla ya kuuliza.

Sinema njema huturudi katika kosa hilo. Mwaka 2020 ndugu wawili wa Marekani, Bill na Turner Ross, walitoa filamu iitwayo Bloody Nose, Empty Pockets. Yahusu usiku wa mwisho wa baa ya mtaani pamoja na wateja wake wa kila siku. Hawakukaririshwa maneno. Walikunywa, wakabishana, wakaliwazana, kamera ikasikiliza.

Hata hivyo, filamu hiyo inayo kasoro ya kujadiliwa. Yasema baa iko Las Vegas, kumbe ilipigwa New Orleans, na wanywaji walikuwa wamechaguliwa. Ufundi huo si dhambi, lakini mtazamaji ana haki ya kuujua. Mnyonge hahitaji kuzuliwa jambo ili aonekane mtu.

Kwetu Tanzania, Ndugu Amil Shivji aliiita kampuni yake Kijiweni. Filamu yake T-Junction, iliyofungua Tamasha la Filamu la Zanzibar mwaka 2017, yasimulia wavuja jasho wa njia panda ambao kijiwe chao kilivunjwa. Funzo ni moja: kijiwe kikivunjika, hupotea pia ujirani, habari na msaada wa shida.

Ndugu zangu, sisifu ulevi. Fedha ziishiapo kilabuni huwakosesha watoto madaftari; walimu mnalijua hilo kuliko mimi. Filamu ya kweli haina budi kumfuata mnywaji hadi nyumbani, imwonyeshe mke anayengoja. Aidha, imwonyeshe mama apikaye pombe hiyo ili anunulie watoto sare.

Mwaka 2024 Ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia Mei hadi Agosti, ili samaki wazaliane. Shabaha ilikuwa njema. Lakini kaya za wavuvi ziliishije miezi ile? Taarifa zetu zina tarakimu za samaki. Masimulizi ya watu yamebaki vijiweni, nayo hayadumu pasipo wa kuyahifadhi.

Basi, kazi ipo. Mwalimu mwenye simu na vijana watatu wanaweza kuianza. Kwanza waombe ridhaa, kisha waketi, wasikilize. Kamera ifuate baadaye. Nasi wenye kalamu, kabla ya kuandika "uzembe" katika taarifa, tumwulize mwenzetu swali moja: jana usiku ulikuwa wapi?