HOTUBA YA MWENYEKITI KATIKA SHEREHE YA MIAKA 10: AKIBA YA SHILINGI NA AKIBA YA VIRAKA

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata,
Ndugu viongozi wa mtaa,
Wazee wetu na viongozi wa dini,
Wanachama wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima tukakutana hapa leo. Wapo wenzetu tulioanza nao ambao hatunao tena. Tunaomba tusimame dakika moja tuwakumbuke.

Asanteni, tukae.

Ndugu Mgeni Rasmi, hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina wetu, na zimechapwa katika kitabu hiki. Sisi tutasema juu ya mifarishi, hii mnayoiona imetundikwa kwenye kamba hapo nje. Watu wakipita siku ya kikao wanauliza, "Hivi hawa akina mama ni wa kuweka akiba au ni mafundi wa viraka?" Tunajibu kwamba kazi hizo mbili ni moja, na leo tunataka kueleza kwa nini. Tunaeleza pia kwa sababu baadhi ya wenzetu wametoa hoja kwamba kazi ya mifarishi tuiache, tubaki na hisa na mikopo tu. Hoja hiyo itapigiwa kura katika mkutano mkuu ujao. Kwa hiyo tusikilizane, jamani, kila mtu apige kura akiwa anajua.

NGUO NA AKIBA KATIKA MJI WETU

Sisi watu wa Tabora tuliweka akiba ya nguo kabla ya kuweka akiba ya fedha. Mji wetu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia Unyanyembe, na kutoka hapa ikaendelea mpaka Ujiji. Pale Kwihara kuna tembe alilokaa Dk. Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi na bidhaa, hadi alipoondoka mwezi Agosti. Vitu vilivyotumika kama fedha safarini vilikuwa nguo, shanga na waya. Nguo nyeupe iliitwa merikani kwa sababu ilitoka Marekani, sehemu za Massachusetts. Ile nyeusi iliyotiwa nili iliitwa kaniki. Mikono minne ilikuwa shuka moja, na shuka mbili zilikuwa doti. Chakula kilinunuliwa kwa nguo, hongo ikalipwa kwa nguo, na mpagazi Mnyamwezi akapewa ujira wake kwa nguo. Na tusifiche, hata binadamu aliuzwa kwa nguo. Njia ile ilibeba pembe za ndovu, ikabeba na watoto wa watu.

Sasa sikieni neno moja. Mzigo wa nguo uliofungwa vizuri ili mpagazi aubebe begani uliitwa mtumba. Uzito wake ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Neno hilo ndilo tunalolitumia mpaka leo, mtumba na mitumba. Zamani mtumba ulileta nguo mpya, leo unaleta nguo zilizokwisha kuvaliwa, ambazo wengine waliziita kafa Ulaya. Belo la siku hizi huwa mara nyingi kilo 45, nalo linakuja kwa lori. Lakini linatoka kule kule pwani, kwa njia isiyo mbali sana na ile ya wapagazi, ambayo hata Reli ya Kati iliifuata kwa sehemu kubwa mpaka ikafika hapa Tabora mwaka 1912.

Wapo wanaosema kuunga vipande ni mambo ya wageni. Si kweli. Kanga yenyewe tunayojifunga ilianza kwa kuunga. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zilizokuwa zinauzwa zikiwa zimeshikana, wakakata tatu na tatu, wakazishona pamoja zikawa nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona inapendwa ndipo wakaanza kuichapa ikiwa nzima. Kwa hiyo mama aliyevaa kanga asimcheke mwenye kiraka.

Binti wa mwanachama wetu mmoja alituonyesha katika simu picha za akina mama wa Kisiddi huko Karnataka, India. Hao ni watu wenye asili ya Afrika, ambao wengi wa wazee wao walivushwa bahari wakiwa watumwa. Wanashona mifarishi ya nguo kuukuu inayoitwa kawandi. Wanaanzia ukingoni, wanazunguka kwenda katikati, na kila pembe wanaweka vipande vidogo wanavyoviita maua. Bila maua hayo kwao mfarishi haujaisha. Tulipoziona picha zile tulikaa kimya kidogo. Mifarishi yetu tangu siku hiyo tunaitia kipande chekundu katika kila pembe, na mkitoka nje mtaviona.

KAZI INAVYOFANYWA

Kuna wageni hapa wanaofikiri ni kuokota matambara na kuyashona hovyo. Hapana. Kazi ina taratibu zake.

Kwanza ni kupata vitambaa. Belo zima hatununui, kwa sababu belo lililofungwa ni kama kuku ndani ya gunia, hujui ana miguu mingapi mpaka umfungue. Tunanunua yale yanayobaki mwisho wa mnada, mashati yaliyochanika kola, magauni yenye doa, shuka zilizotoboka katikati. Tunachukua pia mabaki kwa mafundi cherehani, vipande vya kitenge na vya sare za shule.

Pili ni kufua kwa maji ya moto na sabuni. Nguo ifue ikinywee sasa, isije ikakunywea ukiwa umeshaishona. Zipu na vifungo tunavitoa na kuviweka kwenye kopo, vyote vinauzika.

Tatu ni kuchambua. Usiunge fulana inayovutika na shati la pamba, mshono utakunjamana. Usiunge jinzi mpya na kanga iliyochoka, jinzi itaichana kanga. Ukiwa na shaka na kitambaa, vuta nyuzi mbili uzichome. Pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu. Tetroni inayeyuka na kuganda kama shanga. Za tetroni tunazitenga, tunashonea mifuko.

Nne ni kukata. Tunakata boksi mraba wa inchi 9, ndicho kipimo chetu. Mshono unakula nusu inchi kila upande, kipande kinabaki inchi 8. Vipande 9 kwa upana na 10 kwa urefu ni vipande 90, navyo vinatoa mfarishi wa inchi 72 kwa 80, unaotosha kitanda cha nne kwa sita na kuning'inia pembeni. Chini tunaweka bitana, mara nyingi shuka mbili zilizoungwa. Katikati tunalaza blanketi kuukuu au masweta yaliyofumuliwa mishono. Kisha tunapiga bandi zote tatu zisihame, na ndipo tunashona kwa mkono kutoka juu mpaka chini, mstari kwa mstari. Hapo ndipo siku zinapokwenda. Wanne wanakaa pembe nne, na wakati mikono inashona, masikio yanasikia nani mtoto wake anaumwa na nani hajala.

MANUNG'UNIKO YA WENZETU

Ndugu wanachama, tumesikia manung'uniko matatu, na yote yana haki ya kujibiwa.

La kwanza ni kwamba kiraka ni alama ya umaskini. Tunajibu kwamba kiraka kilichoshonwa vizuri ni alama ya mtu anayetunza. Baridi ya Juni na Julai hapa kwetu haiulizi kama umejifunika kipya au kikuukuu.

La pili ni kwamba blanketi la manyoya la dukani ni rahisi. Ni kweli, na anayelitaka alinunue. Lakini fedha ya blanketi lile ikishatoka mlangoni mwako hairudi. Fedha ya mfarishi inaingia katika kikundi.

La tatu ndilo zito, kwamba kazi ni ya siku nyingi na faida ni ndogo. Hapa hatutabishana, tutahesabu. Chukueni mfano. Mchuuzi anakuja anasema, "Mama, nakupa elfu 30." Tuseme vitambaa vilikula elfu 6 na uzi elfu 2. Imebaki elfu 22. Kama kazi ilichukua siku 11, umelipwa elfu 2 kwa siku, na macho yako hayamo katika hesabu. Mchuuzi huyo akifika Dodoma au Dar es Salaam anauza kwa bei yake. Kwa hiyo tatizo halipo kwenye mfarishi, lipo kwa sisi kuuza kama tunaogopa. Mpagazi wa zamani alijua doti zake ni ngapi kabla hajainua mzigo. Na sisi tujue.

KWA NINI TUSIIACHE

Sasa tufike kwenye kiini. Katika vikundi vingi vya hisa, mama asiye na fedha ya hisa wiki hii anaona aibu. Wiki ya pili haji. Wiki ya tatu ameshakwenda kwa wakopeshaji wa mtaani, wale ambao Tanzania nzima inawaita kausha damu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mnacheka, lakini mnajua.

Mwenzetu mmoja, ambaye ameturuhusu kusema bila kumtaja, alikopa huko kwa ajili ya matibabu ya mtoto. Rejesho lilipomshinda, walikuja alfajiri wakachukua godoro. Watoto wakalala kwenye mkeka mwezi wa saba. Tulipopata habari tulimpelekea mfarishi wa Mfuko wa Jamii, na tukamwambia njoo ushone. Hakuwa na shilingi ya hisa, alikuwa na mikono. Kila alichoshona kiliandikwa katika daftari la kazi. Mfarishi ukiuzwa, sehemu yake inaingia sandukuni kwa jina lake kama hisa ya mtu mwingine yeyote, mbele ya wale watatu wenye funguo. Deni lile amelimaliza. Leo yumo humu ndani, naye ndiye anayewafundisha wapya kupiga bandi.

Ndiyo maana tunasema kazi hizi mbili ni moja. Sanduku linampokea mwenye fedha. Mfarishi unamwezesha asiye na fedha naye afike kwenye sanduku. Tukiuondoa, tutabaki kikundi cha wenye nafuu, na wale tuliosema tunawaanzishia kikundi watabaki nje wakituangalia dirishani.

Tena tukumbuke kwamba misaada ya nje ya kikundi inakuja na kuondoka. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Tunaishukuru Serikali kwa kuirejesha. Lakini katika muda ule wa kungoja, sindano zetu hazikungoja. Na mitumba nayo si ya kutegemea milele. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa kidogo kidogo. Marekani ikakunja uso, nchi nyingi zikarudi nyuma, Rwanda ikaendelea na kodi yake kubwa, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza mavazi Marekani bila ushuru. Siku yoyote jambo hilo linaweza kurudi mezani. Kwa hiyo tujenge urafiki na mafundi cherehani wa hapa hapa, mabaki yao yapo mitumba iwepo isiwepo.

TUNAYOPENDEKEZA

Ndugu wanachama, kamati inaleta mambo matatu mkayafikirie kabla ya kura.

1. Bei ya chini ya mfarishi ipangwe na kikundi, siku za kazi zikiwa zimehesabiwa, na mwanachama asiuze peke yake chini ya bei hiyo.

2. Daftari la kazi lisomwe kwa sauti kila kikao, kama tunavyosoma daftari la hisa, ili kila mmoja asikie jina lake.

3. Kila mwaka mifarishi kadhaa ibaki katika Mfuko wa Jamii kwa ajili ya aliyejifungua, aliyefiwa na aliyenyang'anywa.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu kwako ni moja. Tupatiwe chumba chenye mwanga, kwa maana wengi wetu sasa tuna umri wa miaka 50 na zaidi, na kutia uzi katika sindano jioni tunawaita wajukuu. Cherehani tunazo mbili, ombi la tatu tutalileta kwa barua.

Wanachama wenzetu, asanteni kwa miaka 10 ya kuvumiliana. Chakula kipo tayari. Mifarishi ya nje inauzwa, bei imeandikwa, na safari hii haipungui.

Akina mama oyee!